Akili unde chumba cha eksirei: utafiti wa picha za tiba kutoka Pangani hadi Ukonga

KUPIGA picha ya eksirei ya kifua ni kazi ya dakika chache. Kumpata mtu wa kuisoma picha hiyo kwa uhakika ndiko kunakoweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kwa mgonjwa aliyetoka kijijini Kilindi au Mkinga kwa nauli ya kuazima, siku moja ya kusubiri majibu yaweza kuwa ndiyo inayomrudisha nyumbani bila dawa, akiendelea kukohoa katika chumba kimoja na watoto wake.

Pengo hilo, baina ya picha kupigwa na picha kusomwa, ndilo wanalojaribu kuliziba watafiti wanaotumia akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba: programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa maelfu ya picha hadi ikaweza kutambua dalili za ugonjwa katika picha ambayo haijapata kuiona. Katika tawi la utabibu linaloitwa radiolojia, yaani elimu ya kupiga na kufasiri picha za ndani ya mwili, hakuna jambo lililozua mjadala mkubwa zaidi katika miaka ya karibuni.

Ukanda wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania si mgeni katika utafiti wa aina hii. Kabla neno akili unde halijasikika mitaani, Pangani na Korogwe zilikwisha kutajwa katika majarida ya kitabibu yanayosomwa dunia nzima, kwa sababu ya picha zilizopigwa huko.

Picha za tiba zilianza na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen, aliyegundua miale ya eksirei mjini Würzburg Novemba 8, mwaka 1895. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia mwaka 1901. Baadaye ilikuja ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi bali mwangwi wa mawimbi ya sauti, kisha mashine za CT zinazokata taswira ya mwili vipande vipande, na zile za MRI zinazotumia sumaku. Kwa hospitali ya wilaya nchini Tanzania, mbili za mwanzo ndizo za kila siku. Mashine za CT zilikuwa adimu nje ya miji mikubwa hadi Serikali ilipoelekeza sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa dola za Marekani milioni 567, uliotolewa mwaka 2021 kukabiliana na athari za UVIKO-19, katika ununuzi wa mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa Tanga, hospitali ya ngazi hiyo ni Bombo, ile ambayo jengo lake la kale la Wajerumani bado linatazama bahari kutoka juu ya jabali.

Tukio la kukumbukwa zaidi katika historia ya picha za tiba mkoani Tanga, hata hivyo, halikutokea Bombo. Lilitokea Kimang'a, kijiji cha wilaya ya Pangani.

Pwani hii imeteswa kwa vizazi na matende na ngirimaji, maarufu kama mabusha. Ugonjwa huo huletwa na minyoo myembamba kama nyuzi inayoenezwa na mbu na kukaa katika mishipa ya limfu. Kwa miaka mingi daktari aliweza kuona watoto wa minyoo hiyo kwa kuchukua damu usiku na kuitazama kwa hadubini, lakini minyoo wakubwa, wanaozaa na kuharibu mishipa, walikuwa wamejificha ndani ya mwili. Dawa ikitolewa, ilikuwa vigumu kujua iwapo imewaua wazazi au imewapunguza watoto tu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Brazil walionyesha kwamba minyoo hao huonekana kwa ultrasaundi katika mishipa ya korodani, wakijinyonganyonga bila kupumzika. Wataalamu wakauita mwendo huo ngoma ya minyoo, na jina likabaki.

Kimang'a ndiko ngoma hiyo ilikokwenda kuzimwa. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakishirikiana na wenzao wa Liverpool nchini Uingereza na Bonn nchini Ujerumani, waliwashirikisha wanaume 72 walioambukizwa. Kundi moja lilipewa doksisaiklini miligramu 200 kwa siku kwa wiki nane, kundi la pili likapewa vidonge visivyo na dawa. Si mgonjwa wala mtafiti aliyejua nani anameza nini. Doksisaiklini haimlengi mnyoo mwenyewe, bali bakteria wanaoishi ndani yake na ambao bila hao mnyoo hudhoofu na kufa. Miezi 14 baada ya matibabu kuanza, ultrasaundi iliwaona minyoo hai kwa wanaume sita tu kati ya 27 waliopimwa katika kundi la dawa. Katika kundi lisilopewa dawa, walionekana kwa wanaume 24 kati ya 27. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2005.

Inafaa kutua kidogo hapa, kwa sababu kisa hiki kinaeleza vizuri kuliko nadharia yoyote kazi ya picha katika utafiti. Bila ultrasaundi, kifo cha minyoo wazazi kingebaki kuwa jambo la kukisiwa kutokana na vipimo vya damu. Picha ndiyo iliyokuwa shahidi. Lakini shahidi huyo alihitaji mkalimani: mtu mwenye jicho lililozoea, aliyekaa mbele ya kioo akitofautisha ngoma ya mnyoo na mtiririko wa damu katika mshipa wa jirani. Mkalimani wa namna hiyo si rahisi kumpata katika kila kituo cha afya. Ugawaji wa dawa kwa jamii nzima, ambao mkoani Tanga ulianza mwaka 2004 kwa kutumia ivamektini na albendazoli, ulifuata njia nyingine isiyohitaji ultrasaundi.

Miaka michache baadaye uwanja ukahamia Korogwe. Huko swali lilikuwa la wajawazito. Mimba ina umri gani, na je, mtoto anakua inavyotakiwa? Mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho, au aliyefika kliniki mimba ikiwa imekwisha kuwa kubwa, hukadiriwa kwa kupapaswa tumbo. Makisio hayo yakikosewa kwa wiki tatu au nne, mtoto njiti huhesabiwa kuwa ametimia, na aliyetimia lakini akadumaa tumboni kwa sababu ya malaria huhesabiwa kuwa njiti. Watafiti wa NIMR na wenzao kutoka Denmark waliwafuatilia wajawazito wa wilaya hiyo kwa ultrasaundi zilizorudiwa mara kadhaa katika kipindi chote cha mimba, wakatengeneza chati ya uzito wa mtoto tumboni inayotokana na akina mama wa Kaskazini Mashariki mwa Tanzania, wakailinganisha na chati za Congo na za wanawake wa Kizungu. Chati hiyo ilichapishwa mwaka 2012. Kati ya mwaka 2014 na 2016 utafiti mwingine uliwafuata wanawake wa Korogwe na Handeni tangu kabla hawajashika mimba.

Chati ya Korogwe inafundisha jambo ambalo wanaoshabikia akili unde hulisahau upesi. Kipimo kilichotengenezwa kwa watu wa mahali pengine hakiwi sahihi kwa kila mtu kwa sababu tu kimechapishwa vizuri. Ikiwa karatasi yenye mistari ya uzito ilihitaji kuchorwa upya kwa ajili ya watu wa Tanga, itakuwaje kwa programu ambayo hata aliyeitengeneza hawezi kueleza kwa ukamilifu inachokitazama?

Katika ultrasaundi ya wajawazito, akili unde tayari imeonyesha uwezo wake jirani tu na hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwahusisha wajawazito 4,695 wa Zambia na wa jimbo la North Carolina nchini Marekani. Programu ilikadiria umri wa mimba kutokana na picha zilizopatikana kwa kupitisha kifaa juu ya tumbo kwa mistari iliyopangwa, bila mpimaji kulazimika kutafuta kichwa au paja la mtoto. Kwa wastani ilikosea kwa siku 3.9, ilhali vipimo vya kawaida vya wataalamu vilikosea kwa siku 4.7. Tofauti ya siku hizo ni ndogo. Kilicho kikubwa ni kwamba mkunga asiye na mafunzo ya ultrasaundi anaweza kupitisha kifaa juu ya tumbo.

Lakini ugonjwa ambao umeileta akili unde Tanzania mapema zaidi ni kifua kikuu. Tanzania ina jina la heshima katika historia ya ugonjwa huo: mpango wake wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977, ndio ambao Dk. Karel Styblo aliutumia kuonyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wake ikiwa dawa zinamezwa kwa usimamizi, na mfano huo ukaja kuigwa duniani kote. Tatizo lililobaki ni kuwapata wagonjwa. Eksirei ya kifua huwanasa hata wasiokohoa bado, mradi awepo wa kuisoma.

Mwaka 2014, watafiti wakiwamo wa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye kituo chake cha utafiti Bagamoyo, pamoja na wenzao wa Basel nchini Uswisi na Nijmegen nchini Uholanzi, walitangaza matokeo ya kuijaribu programu ya Kiholanzi iitwayo CAD4TB kwa picha za Watanzania 861 waliokuwa na dalili za kifua kikuu. Makohozi ya wote yalioteshwa maabara, hivyo ukweli ulijulikana: 194 walikuwa na ugonjwa. Picha zao zilisomwa na programu, na mtaalamu bingwa na pia na tabibu, yule afisa ambaye ndiye hasa anayewaona wagonjwa katika vituo vingi nchini.

Programu ilipata alama ya 0.84. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: ukimchukua mgonjwa mmoja na asiye mgonjwa mmoja bila kuchagua, mara 84 kati ya 100 kompyuta itampa mgonjwa alama ya juu zaidi. Ilimshinda tabibu. Haikumfikia bingwa.

Matokeo hayo yalinukuliwa sana, na kwa haki. Ila sehemu yake ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, haikupewa uzito huo. Programu ilifanya vibaya zaidi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI kuliko kwa wasio navyo, na kwa wale ambao vimelea vyao havikuonekana kwa hadubini kuliko kwa wale ambao vilionekana. Sababu inaeleweka. Kinga ya mwili ikishuka, kifua kikuu hakichimbi mashimo yale yanayojulikana sehemu ya juu ya pafu. Huenea kwa namna isiyo dhahiri, na wakati mwingine picha huonekana karibu ya kawaida. Lakini hao ndio wagonjwa ambao eksirei ilitarajiwa kuwaokoa. Mwenye vimelea vingi katika makohozi angegunduliwa hata bila picha.

Mwaka uliofuata, 2015, yalichapishwa matokeo mengine, safari hii kutoka gereza la Ukonga jijini Dar es Salaam, ambako wengi wa waliopigwa picha hawakuwa na dalili yoyote. Picha 511 zilisomwa na CAD4TB na wahudumu saba wa wodi za kifua kikuu nchini. Wahudumu wawili waliishinda mashine kwa tofauti kubwa, watatu walilingana nayo na wawili walishindwa nayo. Alama yake ilishuka hadi 0.75. Hata hivyo, katika kundi kubwa zaidi la picha 1,321, mashine iliweza kusoma zaidi ya asilimia 99 na kutoa jibu kwa muda unaotabirika, wakati majibu 160 ya usomaji wa kawaida, takriban asilimia 12, yalichelewa kwa zaidi ya saa 24. Kwa gereza lililosongamana, na Tanga nayo ina gereza lake la Maweni, saa 24 ni muda wa kutosha kwa mtu mmoja kuwakoholea wenzake chumba kizima usiku kucha.

Ni haki kueleza kwamba programu iliyojaribiwa miaka ile siyo inayouzwa leo. Matoleo ya awali yalipima ukungu na umbile la pafu kwa kanuni zilizoandikwa na wahandisi. Matoleo ya baadaye hujifunza yenyewe kupitia mtandao wa hesabu unaoiga kwa mbali mpangilio wa chembe za ubongo, nayo yameongeza usahihi kwa kiasi kikubwa. Picha ikiingizwa, programu hutoa namba, mathalani kati ya sifuri na 100, na kupaka rangi sehemu ya pafu iliyoitia shaka. Haisemi kwamba mtu ana kifua kikuu. Inasema picha yake inafanana kiasi gani na picha za wenye kifua kikuu.

Machi 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kwamba programu za namna hiyo zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Watoto hawakujumuishwa. Aidha, pendekezo hilo halikuigeuza mashine kuwa hakimu wa mwisho: anayepata alama ya juu anapaswa kupimwa makohozi.

Hapa ndipo penye kazi ambayo haina budi kufanyika mahali penyewe, nayo haionekani katika vipeperushi vya wauzaji. Nani anapanga kwamba alama 40 ni salama na 60 ni shaka? Kiwango kikishushwa, watu wengi wazima watapelekwa kupimwa makohozi na vifaa vya maabara vitakwisha kabla ya mwezi. Kikipandishwa, wagonjwa watarudishwa nyumbani na cheti cha afya njema. Kiwango kinachofaa hutofautiana kati ya wenye VVU na wasio navyo, kati ya gereza na kliniki, kati ya vijana na wazee wenye makovu ya kifua kikuu cha zamani, ambayo huichanganya mashine kama yanavyomchanganya daktari. Mkoa wenye mashamba ya mkonge, viwanda vya saruji na machimbo ya chokaa una pia watu waliovuta vumbi kwa miaka mingi, na vumbi huacha alama zake katika picha.

Mfano wa hatari ya kuamini mashine nje ya mazingira yake ulitolewa nchini Marekani mwaka 2018. Watafiti waliifunza programu kutambua nimonia kwa picha za hospitali tofauti. Katika hospitali ilikofunzwa ilifanya vizuri. Ilipopelekwa kwingine ilipungua nguvu mara nyingi. Walipochunguza, waligundua kwamba mashine ilikuwa na uwezo mkubwa wa kutambua picha imetoka hospitali gani. Hospitali yenye wagonjwa wengi wa nimonia ilimaanisha nimonia. Ulikuwa ujanja wa mwanafunzi anayejua majibu kwa kuitambua karatasi, si kwa kulijua somo.

Katika nchi tajiri mjadala umekuwa mwingine kabisa. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa mitandao hiyo na mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2024, alishauri kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa radiolojia, akitabiri kuwa ndani ya miaka michache kompyuta zitawapita. Muda aliouweka umepita na madaktari hao bado wanatafutwa. Nchini Sweden, utafiti uliowahusisha wanawake zaidi ya 80,000 na kutangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba akili unde ilipunguza kazi ya kusoma picha za matiti kwa asilimia 44, bila kupunguza idadi ya saratani zilizogunduliwa. Lakini Sweden kila picha ya titi husomwa na mabingwa wawili, na mashine ilichukua nafasi ya mmoja wao. Katika hospitali nyingi za wilaya za Tanzania hakuna hata bingwa mmoja wa kupunguziwa kazi. Suala la ajira za madaktari, ambalo huwasumbua Wazungu, hapa halina uzito.

Uhaba hauko kwa wataalamu peke yao. Uchambuzi wa vifaa vilivyosajiliwa nchini, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mashine za eksirei zilikuwa pungufu sana ya 20 kwa kila watu milioni moja zinazopendekezwa na WHO, na kwamba hazikugawanyika sawa baina ya kanda. Programu haiwezi kusoma picha ambayo haikupigwa. Umeme ukikatika, au bomba la mashine likiungua na fundi akangojwa kwa miezi, akili unde haina la kufanya.

Sheria nayo imeanza kuyafikia mambo haya kutoka pande mbili. Mashine za mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003. Picha zenyewe, pindi zinapohifadhiwa katika kompyuta, zinaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Sheria hiyo pia inamlinda mtu dhidi ya uamuzi mzito unaomhusu kufanywa na mashine peke yake. Kwa mgonjwa aliyepata alama ya chini katika kompyuta lakini bado anakohoa na kutoka jasho usiku, kifungu hicho kinampa msingi wa kuomba asomewe picha yake upya na binadamu, na apimwe makohozi.

Bado kuna suala la picha kuwa mali. Programu zote hizi hunolewa kwa picha za wagonjwa, na kadiri zinavyotoka katika mazingira mengi ndivyo programu inavyokuwa bora na kuuzika zaidi. Wanaume wa Kimang'a na akina mama wa Korogwe walitoa picha zao kwa utafiti, chini ya ridhaa waliyoitia saini au dole gumba, kabla mtu yeyote hajafikiria kwamba picha za namna hiyo zingeweza kuwa chakula cha kompyuta za makampuni. Ridhaa zinazoandikwa sasa katika tafiti za aina hii zinapaswa kumweleza mshiriki, kwa Kiswahili anachokielewa, kama picha yake itatumika kufunza mashine, nani atakayeimiliki mashine hiyo, na kama hospitali iliyoipiga picha italazimika baadaye kulipia leseni ili kuitumia.